Zamu Zangu Nimempa Naanyu

Mume wangu anasifiwa kwa uadilifu. Uliza sokoni, uliza msikitini, uliza hata wafugaji anaowauzia mashuka kwenye minada, wote watakwambia Abdulsalam hapunji mtu na mita yake ni mita. Mimi ni mke wake wa kwanza, nimekaa naye tangu nikiwa msichana, na sibishi. Hapunji. Yote aliyonitendea alinitendea kwa kipimo.

Alipooa mke wa pili alinunua kila kitu viwili viwili. Habari za ndoa nilizipata kwa mwanamke anayeniuzia mkaa, lakini godoro langu jipya lilifika siku ileile lilipofika la bibi harusi, na lilikuwa la unene uleule. Nilililalia na nailoni yake mwezi mzima, sikutaka kulifungua. Kila nikigeuka lilipiga kelele.

Mke mwenzangu anaitwa Naanyu, ametoka kwa wafugaji wa Simanjiro. Aliposilimu walimpa jina la Nasra, lakini hakuna anayelitumia, hata Abdulsalam mwenyewe. Yeye ana nyumba Nangara, mimi Maisaka, mitaa miwili ya mji mmoja. Mume analala siku mbili kwangu na siku mbili kwake, na hapo hakuna mchezo. Mwaka juzi upepo uling'oa bati zangu na ilikuwa zamu ya Naanyu. Abdulsalam alikuja mpaka getini, akauliza kama nimeumia, nikasema hapana. Akarudi Nangara. Bati zilipigiliwa kesho yake jua lilipozama, zamu yangu ilipoanza. Watu waliposikia walimsifu tena.

Mimi na Abdulsalam tuna mtoto mmoja aliyebaki hai, Sabaha. Aliolewa na kijana wa hapa hapa mjini, fundi wa magari, wakahamia Maskati alikopata kazi ya gereji. Mwaka huu akashika mimba ya kwanza. Alinipigia simu akiwa anacheka, halafu katikati ya kicheko akaanza kulia.

"Mama, nitazaa na nani huku?"

"Si una hospitali?"

"Hospitali watanitoa siku ya pili. Baada ya hapo nani atanikanda?"

Nilimwelewa. Mimi nilizaa kwa mama yangu Nakwa, na kwa siku arobaini sikushika hata kijiko. Mama alinikanda tumbo kwa maji ya moto, akanifunga kibwebwe, akaninywesha uji wa pilipili manga mpaka nikauchukia. Mtoto wa kwanza ndivyo anavyozaliwa. Wa pili unaweza kuzaa peke yako, mwili umeshajua njia. Kwa hiyo nilimwambia Sabaha nitakuja, na tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine chochote duniani.

Mkwe wetu akatuombea viza za utalii, mimi na baba mkwe wake. Paspoti ya Abdulsalam ilikuwepo tangu alipowahi kwenda Dubai kuangalia vitambaa. Yangu ilichelewa kwa sababu nilizaliwa nyumbani na sikuwa na cheti, kwa hiyo maombi yangu yaliondoka nyuma. Viza yake ndiyo iliyotangulia kutoka. Alikuja nayo jioni kwenye simu, akavaa miwani, akanisomea, maana mimi shule sikupelekwa.

"Imetoka."

"Na yangu?"

"Yako bado. Itakuja."

"Inasemaje?"

"Niingie kabla mwezi mmoja haujaisha. Nikishaingia nina siku thelathini."

Sabaha alikuwa anategemea kuzaa mwanzoni mwa Ramadhani, na siku ile Shaabani ndiyo kwanza imeandama. Nikapiga hesabu hiyo kichwani kwa miezi ya mbinguni, ambayo ndiyo ninayoijua.

"Tungoje yangu itoke," nikamwambia. "Tukiondoka Shaabani inapokatika, viza yako itakuwa bado hai na mtoto atakuwa mlangoni."

"Shaabani inapokatika ndipo watu wananunua kanzu. Nani atauza duka?"

"Vijana wako wapo."

"Vijana wanapima kwa macho."

"Baba Sabaha, nguo za Ramadhani zinauzwa kila mwaka. Huyu anazaliwa mara moja."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Viza imeandikwa utalii, Mama Sabaha. Mtalii gani anakwenda kuangalia tumbo? Mimi nakwenda sasa hivi, nimwone mtoto wangu, niione nchi, nirudi katikati ya mwezi biashara ikianza kuchanganya."

"Na mimi?"

"Ukiipata yako kabla sijaondoka tutafuatana. Lakini hilo nalo lina utaratibu wake." Akavaa miwani tena, na mimi namjua akitaja utaratibu. "Nina wake wawili. Mume akisafiri na mke mmoja lazima wapigiwe kura. Siwezi kuamua mwenyewe, nitakuwa nimependelea."

"Kura ya kwenda kumwona mtoto niliyemzaa mimi?"

"Kura haiangalii mtoto. Safari ni yangu, na mwenzangu wa safari anapatikana kwa kura. Hiyo ni sheria, sikuitunga mimi."

Ijumaa baada ya swala alimwita Naanyu aje Maisaka. Tulikula pilau watu watatu, halafu Abdulsalam akatoa mbaazi mbili mfukoni, moja nyeupe na moja nyekundu. Nyeupe yangu, nyekundu ya Naanyu. Akavua kofia yake akazitia humo. Alitaka mkono wa mtu asiye na upande, kwa hiyo akamwita jirani yangu Benadetha, aliyekuwa anafua nguo kando ya uzio.

Benadetha alikuja na povu mikononi. "Baba Sabaha, mimi ni Mkatoliki. Mnaniingiza mkono kwenye kofia ya Waislamu, paroko akisikia?"

"Toa moja tu, shemeji. Usiangalie."

"Nikitoa kuna zawadi?"

"Kuna safari ya Maskati, lakini siyo yako."

Akajifuta mikono kwenye kanga, akaangalia dari, akatoa. Ilikuwa nyekundu. Benadetha hakuwa ameambiwa ipi ni ya nani, lakini aliniangalia usoni akaelewa. Akairudisha ndani ya kofia haraka kama aliyeshika kaa la moto.

"Nirudie? Mkono ulikuwa na sabuni."

"Kura hairudiwi," akasema Abdulsalam.

Naanyu akadakia. "Mimi sina hata paspoti."

"Imekuangukia wewe."

"Iniangukie mara mia, nitapanda ndege na nini, na fimbo? Mpeleke Mama Sabaha. Huyo ni mtoto wake."

"Siwezi. Kura haikumtoa yeye."

"Basi mimi nampa hiyo kura yangu."

"Kura ya safari si maziwa, Naanyu, useme unamgawia jirani." Akavaa kofia yake. "Aliyeangukiwa hawezi, na asiyeangukiwa hakutoka. Hapo nitakwenda peke yangu, na hakuna atakayesema nimempendelea mtu."

Nilimwona usoni. Alikuwa ametulia, kama muuza duka aliyeona mizani imesimama sawa. Wiki iliyofuata alipanda basi la Arusha akaenda uwanja wa ndege. Sikumsindikiza, na hakutaka nimsindikize, kwa sababu Naanyu naye hakumsindikiza.

Viza yangu ilitoka yeye akiwa hukohuko. Sabaha alinipigia akanieleza polepole.

"Mama, imetoka. Mwisho wa kuingia ni siku chache baada ya Ramadhani kuanza. Lakini usije sasa hivi."

"Kwa nini?"

"Ukija sasa, siku zako thelathini zitaanza kuhesabiwa mimi nikiwa bado na tumbo. Utarudi nyumbani nikiwa hata kibwebwe sijakivua. Njoo wiki ya mwisho ya Shaabani. Ukichelewa zaidi ya hapo mlango unafungwa."

"Baba yako yuko wapi?"

"Amepelekwa kuangalia ngome. Mama, uwanja wa ndege nilisimama nakungoja, nilidhani viza zenu zimetoka pamoja. Niliona watu wote wametoka, nikamwuliza baba, mama amebaki kwenye mizigo? Hukuniambia kwamba huji."

"Nilidhani yeye atakuambia."

"Alisema ni kura."

Mtoto mzima mjamzito, unamwambiaje mama yake ametolewa na mbaazi?

Abdulsalam alirudi katikati ya mwezi kama alivyopanga, amenenepa. Alileta makopo mawili ya halua, chupa mbili za marashi, mablanketi mawili. Benadetha akaja kuniuliza nimeletewa nini.

"Nusu ya kila kitu," nikamwambia.

"Ungekuwa mke mmoja ungeletewa kizima?"

"Ningekuwa mke mmoja ningekwenda mwenyewe."

Akacheka, lakini hakukaa sana. Tangu siku ya kofia alikuwa ananionea haya, ananiletea mboga za majani bila kuombwa. Nilimwambia mara nyingi kwamba simlaumu. Mkono wake haukunitendea kitu.

Usiku wa kwanza wa zamu yangu nilimwekea mume chakula, nikamngoja ashibe, nikamwambia: "Viza yangu imetoka. Nakwenda wiki ya mwisho ya mwezi. Mkwe amekwisha kununua tiketi, anangoja tu neno lako."

"Peke yako?"

"Ulikwenda peke yako."

"Mimi ni mwanamume." Akanawa mikono taratibu. "Haya, hilo la peke yako tuliache, mkwe atakupokea, na mkwe ni maharimu wako, hawezi kukuoa. Kuna jambo kubwa zaidi. Zamu zako."

"Zamu zangu zina nini?"

"Ukiondoka mwezi, na ni Ramadhani, zile siku zako mbili mbili mimi nitalala wapi? Nikienda Nangara nimemdhulumu aliyesafiri. Nikilala hapa ni nyumba tupu, nitafuturu na nani? Siwezi kukupa ruhusa kwa jambo litakalonitia katika dhuluma."

"Kwa hiyo dhuluma ni kulala pasipo na mtu?"

"Dhuluma ni kuvuruga haki, Mama Sabaha. Mwambie Sabaha atafute mwanamke wa Kiswahili hukohuko amkande. Wako wengi."

Akalala. Anapata usingizi upesi, siku zote. Mimi nilikaa nikimwangalia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu sikulia. Niliwaza tu kwamba mtu huyu amenifunga kwa kamba ya haki, na kamba hiyo ameisuka mwenyewe nyuzi zote mbili sawa, hakuna pa kuikatia.

Siku ya tatu asubuhi Naanyu alikuja na maziwa. Huwa ananiletea, sikuwahi kumshukuru, na yeye hakuwahi kuacha. Alinikuta napepeta mbaazi uani.

"Shikamoo, Mama Sabaha."

"Marahaba. Weka hapo."

Hakuweka. Alichutama mbele yangu, chupa ya maziwa mapajani. "Baba Sabaha ameniambia amekukataza."

"Amekuambia kwa furaha?"

"Ameniambia kama anavyosema bei ya nguo." Akachukua mbaazi moja iliyooza kwenye ungo akaitupa. "Kwetu binti akizaa mara ya kwanza mama anakwenda hata boma likiwaka moto. Mume hasemi kitu. Anauliza tu kama unataka punda wa kubebea mizigo. Ninyi watu wa mji mna sheria nyingi na punda hamna."

Sikutaka kucheka mbele yake, lakini pumzi ilinitoka puani. Nikaendelea kupepeta. Na hapohapo, mikono ikiwa inarusha mbaazi, nikakumbuka kitu nilichosikia miaka mingi nyuma kwenye darasa la wanawake msikitini: kwamba zamu ni mali ya mke. Mume ndiye anayedaiwa. Mwenye mali anaweza kuitoa akampa mke mwenzake, kwa hiari yake.

Nikauweka ungo chini.

"Naanyu. Nikikupa zamu zangu utazipokea?"

"Zote?"

"Zote."

"Mimi hizo siku zangu mbili tu nafika ya pili nimechoka naye. Anahesabu vijiko. Sasa unaniongezea?"

"Ukipokea, hana dhuluma ya kuogopa. Atakuwa Nangara kwa haki."

Alifikiri, akichora chini kwa kidole. Nilijua ataomba kitu, na sikumlaumu, hakuna anayebeba mzigo wa mwenzake bure.

"Mama yangu alikufa nikiwa mdogo," akasema. "Mama wadogo wa boma wako mbali, na tangu nisilimu hawaji. Nikizaa mimi, utanikanda?"

Nataka ujue kwamba sikujibu upesi. Mwanamke huyu ndiye aliyelala siku ileile ya harusi kwenye godoro pacha la langu. Kumshika tumbo lake kwa mikono yangu, nimfunge kibwebwe, nimnyweshe uji kama mwanangu, kwa mtoto wa mume wangu. Shubiri ina utamu kuliko neno hilo. Lakini nilimwona Sabaha akiwa amesimama uwanja wa ndege anahesabu watu wanaotoka.

"Nitakukanda," nikasema.

"Siku zote arobaini?"

"Nimesema nitakukanda, Naanyu. Weka maziwa."

Akaweka.

Tuliita shehe wa msikiti wetu siku ya Alhamisi, kabla ya magharibi, zamu yangu ikiwa inaanza. Abdulsalam alifurahi kumwona, akadhani amekuja kununua kanzu kwa bei ya nyumbani. Naanyu alikaa mkekani upande wangu. Ilikuwa mara ya kwanza tumekaa upande mmoja.

"Shehe," nikasema, "mke anaweza kumpa mke mwenzake zamu yake?"

"Anaweza, akipenda mwenyewe na mume akiridhia. Na akibadili mawazo anaweza kuzirudisha kwa siku zijazo."

"Basi mimi zamu zangu nimempa Naanyu. Kuanzia za leo, za siku nitakazokuwa safarini, na za baada ya safari. Sizirudishi."

Shehe akanyanyua macho. Hilo la baada ya safari hata Naanyu nilikuwa sijamwambia wazi, ingawa nilisema zote. Nilimsikia akivuta pumzi. Abdulsalam aliweka kikombe chini.

"Mama Sabaha, hiyo ya mwisho umesema nini?"

"Nimesema baada ya safari pia. Nyumba ya Maisaka nitakaa, chakula na mavazi utaleta kama sheria ilivyo, nusu kwa nusu. Kulala, lala Nangara."

"Una hasira."

"Sina. Uliza shehe kama sauti yangu ina hasira."

Shehe hakutaka kuingia humo. Alikohoa akasema jambo lenyewe linafaa kisheria, la kuridhia ni la mume.

Abdulsalam alikizungusha kikombe mkekani. Nilijua anapima. Akikataa, atamnyima mke hiari yake mbele ya shehe, na atamzuia mama asimfikie binti yake, na sababu pekee aliyokuwa nayo imekwisha kuondolewa mikononi mwake. Watu wangejua. Hilo la watu kujua lilimwelemea.

"Kwa hiyo zamu zangu kwako ni kitu cha kugawa tu," akasema, na sauti yake haikuwa ya sokoni. Ilikuwa ya mtu aliyeumia, na ninakiri sikuwahi kuisikia kabla ya hapo.

"Wewe ulinitia kwenye kofia na mbaazi, Baba Sabaha."

Akamtazama Naanyu. "Na wewe umepokea?"

"Nimepokea. Lakini vijiko usinihesabie."

Shehe aliinamisha uso kuficha tabasamu. Abdulsalam akasema ameridhia, akanipa ruhusa, akasimama kwenda kuswali. Alipotoka msikitini alishika njia ya Nangara, na mimi nikafunga mlango mapema, nikala peke yangu, nikalala katikati ya kitanda.

Niliondoka siku mbili kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Benadetha ndiye aliyenisindikiza stendi, amenibebea pilipili manga, tangawizi na mdalasini, na unga wa ulezi ambao alisisitiza Waarabu hawana. Kwenye ndege nilikaa na mama mmoja wa Tanga aliyenifungia mkanda. Sikuogopa. Nilikuwa nahesabu siku za mtoto, siyo urefu wa kwenda juu.

Sabaha alinipokea na tumbo lililoshuka mpaka mapajani. Aliniegemea hapo uwanjani watu wakipita, akasema, "Umekuja na mizigo yote?" Nikamwambia yote. Mtoto alizaliwa siku ya tano ya mfungo, asubuhi, msichana, na mimi nilikuwa mlangoni nikasikia sauti yake kabla baba yake hajaisikia. Viza itanitoa hapa arobaini haijatimia. Nimemfundisha mkwe kufunga kibwebwe, anakaza kama anafunga tairi, lakini atajifunza.

Jana nilikuwa namkanda Sabaha bafuni. Maji yalikuwa ya moto, ananipiga kofi mkononi, anasema, "Mama, utanichubua," na mimi nasema, "Ndivyo nilivyochubuliwa kwa ajili yako." Akatulia. Halafu akauliza, macho yakiwa chini:

"Baba amepiga simu leo kuuliza unarudi lini. Nimwambieje?"

"Mwambie viza ikiisha."

"Sauti yake si nzuri. Yuko nyumbani peke yake?"

"Hayuko peke yake. Yuko Nangara."

"Si zamu yako leo?"

"Nilishazitoa, mwanangu."

Aligeuka anitazame, nikamrudisha kwa bega, maana mgongo ulikuwa haujaisha. Nilichovya kitambaa kwenye ndoo, nikakikamua, nikakiweka kiunoni kwake, nikakandamiza kwa viganja vyote viwili mpaka nikasikia anashusha pumzi.